Kuhifadhi Dawa Nyumbani katika Joto la Pwani: Mwongozo Kamili

Kwenye pakiti nyingi za dawa kuna sentensi fupi, mara nyingi kwa herufi ndogo karibu na tarehe, inayoagiza kwamba dawa ihifadhiwe mahali pakavu, penye joto lisilozidi nyuzijoto 30 za Selsiasi, mbali na mwanga na mbali na watoto. Kwa mtu anayeishi Lushoto au Njombe, agizo hilo halisumbui sana. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako kati ya Desemba na Machi joto la mchana hupita nyuzijoto 30 karibu kila siku na hewa imejaa unyevu wa bahari, kulitii agizo hilo ni kazi inayohitaji mpango. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kaya za namna hiyo: chumba kimoja au viwili, pengine bila friji, pamoja na mtoto mdogo, mama mjamzito anayehudhuria kliniki na mzee anayemeza dawa za presha au za sukari kila siku.

Ni vema kuelewa kwanza tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ina maana gani. Mtengenezaji huipanga tarehe ya mwisho wa matumizi kwa kuchukulia kwamba dawa itakaa katika hali aliyoiagiza, kwa hiyo tarehe ile ni ahadi yenye sharti. Joto huharakisha mabadiliko ya kikemia, na kwa kanuni ya jumla, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya mabadiliko mengi hukaribia kuongezeka maradufu. Dawa iliyokaa miezi mitatu juu ya dirisha linalopigwa na jua la alasiri inaweza kuwa imechoka hata kama tarehe yake bado ina mwaka mzima mbele.

Hatua ya kwanza: toa dawa zote na uzikague

Chagua siku yenye utulivu, watoto wakiwa shuleni au wamelala, kisha kusanya dawa zote zilizomo ndani ya nyumba na uzipange mezani. Usisahau zilizomo kwenye mikoba, kwenye droo, chini ya mito, kwenye mifuko ya makoti na ndani ya gari. Katika nyumba nyingi kazi hii peke yake huibua dawa ambazo hakuna aliyekumbuka kuwa zipo.

Soma tarehe ya kila moja. Herufi EXP zikifuatwa na mwezi na mwaka tu, kwa mfano 06/2027, humaanisha kwamba dawa inaweza kutumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Herufi MFG huonyesha tarehe ya kutengenezwa, na watu wengi huzichanganya hizo mbili.

Baada ya tarehe, tazama na unuse. Aspirini iliyoingiwa na unyevu huvunjika na kutoa harufu kama ya siki, na harufu hiyo ikisikika dawa hiyo haifai tena. Kidonge kilichobadilika rangi, kilichopata madoa, kilichopasuka au kinachoacha unga mwingi, kapsuli zilizogandamana au kulainika, dawa ya maji yenye mabonge yasiyoyeyuka hata ikitikiswa, krimu iliyojitenga mafuta na maji, na pakiti ya ORS, yaani chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ambayo unga wake umeganda kama jiwe au kugeuka kahawia, zote ziwekwe kando kwa ajili ya kutupwa. Hata hivyo, dawa inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika sura hata kidogo, kwa hiyo ukaguzi wa macho husaidia kukataa dawa mbovu, lakini hauwezi kuthibitisha kwamba dawa ni nzima.

Ziko dawa ambazo muda wake huanza kuhesabiwa upya zinapofunguliwa. Matone mengi ya macho hutupwa wiki nne baada ya chupa kufunguliwa, kwa sababu ncha yake hupata vijidudu. ORS iliyokwisha kuchanganywa na maji hutumika ndani ya saa 24, kisha kilichobaki humwagwa. Amoksilini ya watoto inayouzwa ikiwa unga na kuchanganywa na maji yaliyochemshwa na kupoa hudumu kwa siku chache tu, aghalabu siku 7, na baadhi ya aina hufika siku 14 zikikaa kwenye friji, kama lebo inavyoelekeza. Siku unapofungua au kuchanganya dawa yoyote ya aina hiyo, andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika. Jambo hili huchukua sekunde tano.

Kama katika ukaguzi huo umekuta antibiotiki zilizobaki, usiziweke akiba kwa ajili ya homa ijayo. Kubaki kwake kwa kawaida humaanisha kwamba dozi haikumalizwa, na kumpa mtoto mwingine nusu dozi ya zamani ni njia ya kukuza usugu wa vijidudu dhidi ya dawa. Vivyo hivyo kwa dawa mseto ya malaria: mgonjwa aimalize dozi yake yote, na homa nyingine ipimwe upya.

Hatua ya pili: chagua mahali

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo ninapoomba msomaji atumie muda mrefu zaidi. Sehemu ambazo watu wa pwani hupenda kuweka dawa karibu zote hazifai. Juu ya friji pana joto, kwa kuwa friji hutoa nje joto lile linaloliondoa ndani. Juu ya televisheni ni hivyo hivyo. Dirishani pana jua, jikoni pana moto na mvuke wa sufuria, na bafuni kila anayeoga maji ya moto hujaza hewa unyevu unaopenya hadi ndani ya kopo lililofungwa vibaya. Gari lililoegeshwa juani ni baya kuliko yote. Huko hata kopo la dawa ya pumu la kuvuta lililojaa gesi huwa hatari.

Nyumba iliyoezekwa mabati bila dari ina ugumu wake. Hewa ya moto hukusanyika juu, chini ya bati, kwa hiyo rafu ya juu kabisa, ile ambayo mzazi huichagua ili mtoto asifikie, ndiyo yenye joto kali kuliko zote. Rafu ya chini ina ubaridi kidogo, lakini mtoto anayetambaa anaifikia, na masika maji yakiingia ndani hulowesha kila kilichomo. Kati ya joto la juu na mkono wa mtoto wa chini, inabidi pawepo suluhisho, nalo ninaloliona bora ni chombo chenye kufuli kilichowekwa kwenye urefu wa kifua hadi uso wa mtu mzima, takribani mita moja na nusu kutoka sakafuni, kwenye ukuta wa ndani. Ukuta wa ndani, yaani ule unaotenganisha chumba na chumba, haupigwi na jua, na kwa hiyo hupoa kuliko ukuta unaotazama magharibi. Kufuli ndiyo inayokuruhusu kushusha chombo kutoka kule juu chini ya bati bila kumhatarisha mtoto. Chini ya chombo hicho pasiwe na kiti, kitanda wala meza, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hupanda kuliko wazazi wake wanavyodhani.

Ikiwa unaweza kupata kipimajoto cha ukutani, kitundike siku mbili mbili katika sehemu tatu unazozifikiria na ukisome saa tisa alasiri, wakati nyumba imefikia joto lake la juu. Chagua sehemu yenye namba ndogo zaidi. Usipokuwa nacho, weka kiganja chako ukutani saa hiyo hiyo. Ukuta unaohisi moto mkononi haufai. Siku chache ambazo chumba kinafika nyuzijoto 32 hazitaiharibu kila dawa uliyonayo, lakini wiki nyingi mfululizo katika joto la 38 chini ya bati ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu chombo chenyewe, boksi la plastiki gumu lisiloonyesha ndani, lenye mfuniko unaobana na sehemu ya kupitisha kufuli ndogo, linatosha. Sanduku la bati linafaa pia iwapo liko kivulini siku nzima. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwa na rangi, kiuatilifu au mafuta, hata kikioshwa, na usiweke dawa pamoja na sumu ya panya, jiki au mafuta ya taa. Watoto wengi wamekunywa mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa kwenye chupa ya soda, na kosa hilo hilo hujirudia kwenye dawa pale vitu visivyohusiana vinapokaa rafu moja.

Hatua ya tatu: iache dawa katika vazi lake

Stripu, yaani ile karatasi ya plastiki na madini inayofunga kila kidonge peke yake, hukinga kidonge dhidi ya hewa na unyevu mpaka dakika ya kumezwa. Hili ni muhimu zaidi kwa vidonge vinavyotengenezwa ili viyeyuke upesi kwenye maji, kama vile zinki ya watoto, amoksilini ya watoto ya kuyeyusha na dawa mseto ya watoto, kwa kuwa kidonge kilichoundwa kiyeyuke kwenye kijiko cha maji huanza kuharibika pia kwa unyevu wa hewani. Vitoe kimoja kimoja wakati wa kutumia, na usivimimine vyote kwenye kopo moja ili kupunguza nafasi.

Katika maduka ya dawa ya mitaani stripu mara nyingi hukatwa ili mteja anunue vidonge vinne au sita tu. Tarehe hupigwa kwenye ncha moja ya stripu, na mara nyingi ncha hiyo hubaki dukani. Usiondoke kabla ya kumwomba muuzaji akuonyeshe tarehe na kuiandika kwenye bahasha yako. Bahasha ya karatasi inapaswa kuwa na jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, jina la mgonjwa, tarehe ya kununuliwa na namna ya kutumia. Maandishi ya 1x3 peke yake hueleza kwamba kidonge kimoja kimezwe kutwa mara tatu, lakini hayasemi ni kidonge cha nini wala ni cha nani, na baada ya wiki mbili hakuna mtu nyumbani atakayekumbuka. Kidonge cheupe cha mviringo kisicho na jina nakihesabu kuwa takataka, hata kama kilinunuliwa kwa bei kubwa.

Dawa zinazotolewa katika kopo zima, kama vile vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI, huwa na kimfuko kidogo cha kufyonza unyevu ndani yake. Kiache humo mpaka kidonge cha mwisho, na uufunge mfuniko mara baada ya kutoa kidonge. Najua kwamba wengi huhamisha vidonge hivyo kwenye karatasi au soksi kwa sababu kopo hutoa mlio likitikiswa na mlio huo huwatambulisha kwa majirani au wenzao wa chumbani. Ni sababu nzito, na mtu asilaumiwe kwa kutaka siri yake. Njia bora zaidi ni kuliacha kopo kama lilivyo na kulifunga kwa kipande cha kanga au kulizungushia taulo ndogo ndani ya begi, kwa kuwa nguo hupunguza mlio bila kuifikia dawa. Usijaze pamba ndani ya kopo, kwani pamba hunyonya unyevu wa nje na kuuleta kwenye vidonge.

Visanduku vya plastiki vyenye vyumba saba vya siku za wiki huwasaidia sana wazee wanaomeza dawa za aina tatu au nne. Vijaze kwa wiki moja tu, weka pakiti za asili pembeni, na kumbuka kwamba vifuniko vyake hufunguka kwa kidole cha mtoto, hivyo kisanduku nacho hukaa ndani ya chombo chenye kufuli.

Hatua ya nne: mkinge mtoto dhidi ya dawa za wakubwa

Wazazi huogopa zaidi dawa za kulala na sindano, ilhali hatari kubwa huweza kuwa katika dawa ambazo nyumba nzima inaziona za kawaida. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama hupewa kliniki wakati wa ujauzito vinastahili kutajwa kwanza. Vina rangi ya kuvutia, huonekana kama peremende, na kimoja huwa na takribani miligramu 60 za madini ya chuma. Mtoto wa kilo 10 akimeza vidonge 10 atakuwa amepata miligramu 60 kwa kila kilo ya uzito wake, kiwango kinachoweza kumuua. Tena sumu hiyo hudanganya: mtoto hutapika na kuumwa tumbo, kisha kwa saa kadhaa huonekana amepata nafuu na anacheza, halafu hali hugeuka ghafla. Mzazi aliyeiona nafuu ile na kubaki nyumbani hupoteza muda ambao usingepaswa kupotea.

Dawa za sukari za kundi la glibenklamidi ni za pili. Kidonge kimoja tu kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo hadi azimie, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Dawa za presha kama amlodipini na nifedipini nazo ni hatari kwa mtoto hata kwa kidonge kimoja au viwili. Parasetamo, ambayo kila nyumba inayo, ikizidi sana huumiza ini, na katika siku ya kwanza mgonjwa anaweza asionyeshe dalili yoyote ya kutisha.

Kwa hiyo, chombo kifungwe kila mara, na ufunguo usitundikwe kando ya kufuli. Usimwambie mtoto kwamba dawa ni pipi ili akubali kuimeza. Mwambie ni dawa, na kwamba hutolewa na mtu mzima tu. Dawa za wagonjwa wawili zisichanganywe: tenga mfuko wa kila mtu na uandike jina lake. Bibi akija kutoka kijijini na mkoba wake wa dawa, mpokee mkoba kwa heshima na uuhifadhi ndani ya chombo siku hiyo hiyo, kwa kuwa mkoba unaowekwa sakafuni karibu na kitanda cha mgeni hufunguliwa na wajukuu kabla ya chai ya jioni.

Hatua ya tano: zinazohitaji friji

Dawa chache za nyumbani ndizo zinazohitaji nyuzijoto 2 hadi 8, na pakiti yake husema hivyo waziwazi. Vidonge vya kawaida visiwekwe kwenye friji, kwa sababu vinapotolewa na kurudishwa hupata matone ya umande.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye rafu ya katikati ya friji, ndani ya boksi dogo lenye mfuniko. Mlangoni joto hupanda kila mlango unapofunguliwa, na nyuma kabisa, karibu na friza, insulini huweza kuganda. Insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Chupa au kalamu inayotumika inaweza kukaa nje ya friji, katika kivuli, kwa takribani wiki nne kulingana na aina yake. Mwaka 2021, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto lililopimwa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, na wakaona kwamba insulini iliyokaa kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Matokeo hayo yampe moyo mgonjwa asiye na friji, ingawa hayaruhusu insulini kuachwa juani wala kutumika baada ya wiki hizo. Insulini ya maji maangavu ikipata ukungu, au ile nyeupe ikibaki na mabonge baada ya kuviringishwa viganjani, isitumike.

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friji. Chupa mbili tatu za maji zilizokwisha kupoa, zikikaa humo daima, husaidia kutunza ubaridi. Wasio na friji hutumia mtungi ndani ya mtungi, mchanga uliolowanishwa ukijaza nafasi ya katikati, na dawa ikiwa katika kichupa kisichopitisha maji. Njia hii hutegemea maji kukauka hewani, kwa hiyo hufanya kazi vizuri Dodoma na Singida kuliko Dar es Salaam, ambako hewa tayari imebeba unyevu mwingi. Pwani hupunguza joto kwa nyuzi chache tu, na ikibidi, kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kuombwa kuitunza akiba yako.

Hatua ya sita: zinazotupwa

Dawa zilizokwisha muda au kuharibika zirudishwe kwenye duka la dawa au kituo cha afya na uulize kama wanazipokea. Wasipopokea, zitoe kwenye pakiti, zichanganye na majani ya chai yaliyotumika, jivu au udongo uliolowa ili zisimvutie mtu, zifunge ndani ya mfuko imara, ndipo uziweke kwenye taka zinazochukuliwa siku hiyo. Usizimwage mtoni, kisimani wala kwenye shimo lililo karibu na kisima, na usizichome jikoni. Futa jina la mgonjwa kwenye lebo. Sindano za insulini zitiwe kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye mfuniko, ipelekwe kituoni ikijaa robo tatu. Dawa mpya iliyobadilika rangi au harufu ingali ndani ya muda wake usiitupe kimyakimya. Ipeleke ulikoinunua, na kwa Tanzania taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Rudia ukaguzi huu kila miezi mitatu. Kuanza na mwanzo wa Desemba, kabla ya joto kupanda, na mwanzo wa Machi, kabla ya masika, kunafuata majira yetu vizuri.

Iwapo mtoto amemeza dawa

Ondoa vidonge vilivyobaki mdomoni kwa kidole, kisha elekea hospitali mara moja, hata kama mtoto anacheka. Usimtapishe, na usipoteze muda kutafuta maziwa, ambayo wengi huyaamini lakini hayaondoi sumu ya dawa. Chukua pakiti, stripu au kopo lenyewe pamoja na vidonge vilivyosalia, kwa kuwa daktari atataka kujua jina la dawa, miligramu zake, vidonge vingapi havipo, ni saa ngapi zimepita tangu vimezwe na uzito wa mtoto. Andika uzito huo leo, kwa kalamu isiyofutika, ndani ya mfuniko wa chombo cha dawa, na uubadilishe kila unaporudi kliniki.